"Ni Dakika Mbili Tu": Kelele Fupi ya Kazini Inahitaji Kinga ya Masikio Wakati Gani?

Pita kwenye karakana yoyote ya vyuma hapa Mombasa, iwe Changamwe, Magongo au Kongowea, umuulize fundi aliyeshika grainda mbona masikio yake yako wazi. Atakwambia, "Nakata kipande kimoja tu." Muulize mtunza mitambo wa hoteli anayeingia chumba cha jenereta umeme ukipotea: "Naangalia mafuta, natoka." Karani anayeteremka na karatasi hadi chumba cha injini cha meli iliyofunga gati Kilindini naye atakwambia hafiki hata dakika tano mle ndani.

Hawa si watu wakaidi. Wameambiwa tangu zamani kwamba kelele huharibu masikio ya anayeshinda ndani yake kutwa, mwaka baada ya mwaka, na hilo ni kweli. Basi wakaona, na ni rahisi kuelewa kwa nini, kwamba anayepita tu yuko salama. Lakini kuna kelele unayoweza kukaa nayo dakika mbili, hata saa mbili, bila haja ya kuziba masikio. Kuna nyingine ambayo dakika mbili zake ni nyingi mno. Na kuna ya tatu ambayo mara moja tu, kufumba na kufumbua, yatosha kumwachia mtu mlio wa sikio usiokoma. Zote tatu tunaziita "kelele kidogo", na ndiyo sababu ushauri unaotolewa juu yake unagongana.

Namba ndogo zenye uzito mkubwa

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu ni kama desibeli 60. Grainda ikikata chuma hufika baina ya 95 na 105, kutegemea diski, chuma chenyewe na mahali inapokatia. Ukizitazama namba hizo juujuu, 100 haijafika hata mara mbili ya 60, na waweza kudhani tofauti si kubwa.

Desibeli hazihesabiwi hivyo. Kila zinapopanda 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu. Zikipanda 10, nguvu huwa mara kumi. Kutoka 60 hadi 100 umepanda kumi mara nne, kwa hiyo nguvu imekuwa mara elfu kumi.

Sikio lenyewe halikupi taarifa hiyo. Washa grainda ya pili kando ya ile ya kwanza: nguvu imekuwa maradufu, lakini utahisi kelele imezidi kidogo tu. Ili mtu ahisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inabidi ipande kama desibeli 10, na hapo nguvu imeshazidi mara kumi. Kwa hiyo fundi anayesema "hii si kali sana" hasemi uongo. Anasema alichoambiwa na sikio lake, na sikio si shahidi mzuri wa jambo hili.

Yapo maneno mengine mawili tutakayoyatumia. Dozi ya kelele ni ukali na muda vikihesabiwa pamoja kwa siku nzima. Mshindo ni sauti ya ghafla inayopasuka na kukatika, kama nyundo juu ya bati nene, na ni tofauti na mngurumo unaoendelea wa jenereta. Dozi na mshindo huamuliwa kwa njia mbili tofauti.

Bando la siku

Fikiria bando la data la siku moja. Anayesoma meseji tu hulala nalo bado limebaki. Anayetazama video hulimaliza kabla ya chai ya saa nne. Bando ni lile lile, kilichotofautiana ni kasi ya kuliwa. Sikio nalo lina bando lake la siku, na desibeli ndizo zinazoamua kasi.

Kipimo kinachotumiwa sana ni cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini. Kwa desibeli 85, bando huisha kwa saa nane. Kila zikipanda 3, muda hukatwa nusu. Kwa 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa. Kwa 100 ni dakika 15. Kwa 103 ni dakika saba na nusu, kwa 106 hazifiki nne, kwa 109 hazifiki mbili, kwa 112 haitimii hata moja. Kwa 115 ni sekunde 28.

Huo mwisho ndio unaotuhusu. Kanuni za kimataifa za kelele melini zinaruhusu chumba cha mitambo kufika desibeli 110. Kwa kiwango hicho bando zima la siku huisha kwa dakika moja na nusu. Karani wetu akishuka ngazi, akamtafuta injinia, wakaelewana kwa ishara na karatasi ikasainiwa, ameshapita hapo na bado hajaanza kupanda kurudi. Kanuni hizo hizo zinamtaka kila anayeingia humo avae kinga, mgeni wa dakika mbili na mwenyeji wa zamu nzima kwa pamoja.

Bando la simu likiisha, mara nyingi mtandao haukukatii. Huanza kula kredo yako kimyakimya. Sikio nalo hufanya hivyo hivyo: hakuna kengele inayolia dozi inapotimia. Unaendelea kusikia vizuri huku akiba ikipungua, na akiba hii hakuna duka linaloiuza.

Niongeze tahadhari moja. Hata 85 si mpaka wa usalama kamili. Mwaka 1998 NIOSH walikadiria kwamba kwa kiwango hicho, saa nane kila siku ya kazi kwa miaka 40, watu kama 8 kati ya 100 watapungukiwa usikivu kwa sababu ya kazi. Kwa 90 wanakuwa 25. Mpaka huu ni wa kupunguza hatari tu, na wenye masikio mepesi kudhurika wamo hata chini yake.

Sheria ya Kenya ilipo

Kanuni za kuzuia na kudhibiti kelele kazini, zilizotolewa mwaka 2005, zinakataza mfanyakazi kupata zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa saa nane ndani ya saa 24, na zinakataza kilele cha zaidi ya 140 wakati wowote. Kelele ikizidi 85, mwenye mahali pa kazi anatakiwa awe na mpango wa kuidhibiti na kulinda usikivu wa watu wake. Kuhusu kelele ya vipindi, ile ya kuwasha na kuzima, kanuni zinataka vipindi vyote vijumlishwe.

Watu wengi hawalijui hilo la mwisho. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba kelele fupi haihesabiki. Inasema ijumlishwe na nyingine za siku hiyo. Ama kuhusu 90, mimi naichukua kuwa ni mpaka wa kumtia mwajiri hatiani. Kwa mtu anayetaka kumsikia mjukuu wake miaka ishirini ijayo, 85 ndiyo ya kushika.

Geti moja

Tuchukue kazi inayojulikana: geti la skwea tyubu. Tuseme lina mikato 30, kila mkato sekunde 40, kwa desibeli 100. Hakuna mkato hata mmoja uliofika dakika. Fundi ukimuuliza mchana atakwambia, kwa moyo safi, kwamba leo hakupiga grainda sana.

Jumlisha sasa. Mikato 30 ya sekunde 40 ni dakika 20, na bando la 100 ni dakika 15. Ameshamaliza moja na theluthi. Halafu kuna kusawazisha maungio ya welding kwa grainda, tuseme dakika 25 kwa 97, ambapo bando ni dakika 30. Hizo zimekula zaidi ya robo tatu ya bando jingine. Jumla ni zaidi ya mabando mawili kwa geti moja, na vile vipindi virefu vya kupima, kupinda na kuchomelea havijahesabiwa kabisa.

Simama karibu uone kitu kingine. Tyubu ni tupu ndani, kwa hiyo diski ikiligusa, urefu wote wa chuma hulia. Fundi amenyoosha mikono, kichwa chake kiko mbali kidogo na diski. Spana boi wake amechutama upande wa pili ameshikilia ncha, na sikio lake liko shibiri mbili kutoka kwenye chuma kinacholia. Diski haiko mkononi mwake, kwa hiyo hakuna anayehesabu kwamba "anatumia grainda". Pengine dozi yake ni kubwa kuliko ya mwalimu wake, na ana umri wa miaka kumi na minane.

Swali la awali sasa lina jibu la haki. Mkato mmoja wa dakika mbili kwa desibeli 100, kama kweli ni huo tu kwa siku nzima, umekula kama asilimia 13 ya bando. Peke yake hautamtia mtu uziwi. Anayesema dakika mbili zozote za grainda huua sikio anatia chumvi, na mafundi wakigundua wametiwa chumvi huacha kusikiliza hata la kweli. Taabu ni kwamba sijapata kuona karakana inayokata mara moja kwa siku.

Mshindo hauna bando

Hapo juu tulikuwa kwenye kelele inayoendelea. Mshindo una hesabu yake. Sauti ikipasuka na kufikia kilele cha desibeli 140, haihitaji muda. Wimbi moja laweza kuchana vitu laini vilivyo ndani ya sikio kabla hujapata nafasi ya kuinua mkono.

Mjini kwetu mishindo ni mingi. Nyundo kubwa ikinyoosha bati nene, hasa kwenye kona yenye kuta mbili zinazorudisha sauti. Bastola ya misumari inayotumia baruti kwenye zege. Na tairi la lori likipasuka wakati wa kujazwa upepo, hatari wanayoijua vizuri mafundi wa matairi kandokando ya barabara za malori. Hilo la mwisho hupasua hata ngoma ya sikio, mbali na majeraha mengine.

Kwa mshindo, swali la "kwa muda gani" halina maana. Kama kazi ni ya kupigilia chuma kwa nguvu au kufyatua, kinga huvaliwa kabla ya pigo la kwanza, hata kama pigo ni moja.

Na hapa simu haisaidii. Zipo programu za kupimia kelele. NIOSH wana yao ya bure kwa iPhone, na kwa jenereta au grainda hukupa kadirio zuri. Lakini maikrofoni ya simu haiwahi kilele cha mshindo, kwa hiyo nyundo itasomeka ndogo kuliko ilivyo. Ukiona simu imeandika 105 kwenye kazi ya nyundo, usitulie.

Kipimo kisicho na mashine

Wengi hawana kifaa chochote, na hawakihitaji sana. Simama mita mbili kutoka kwa mwenzako kelele ikiwa imewaka. Ikiwa ni lazima upaze sauti ili akusikie, mko karibu na 85. Sogea hadi mita moja. Ikiwa bado ni lazima upaze sauti, mko karibu na 90 au zaidi.

Mimi ningeamua hivi. Mkizungumza kawaida, endeleeni na kazi, hakuna la kuziba. Mkipaziana sauti kwa mita mbili tu, kupita dakika kadhaa si neno, lakini ukikaa nusu siku tafuta kinga. Mkipiga kelele kwa mita moja, vaa tangu sekunde ya kwanza, hata kama ni mkato mmoja. Mkato mmoja hautakuua, lakini saa hiyo hujui siku itakuletea mingapi, na kuvaa ni kazi ya sekunde tano. Anayejiwekea sheria ya kuhesabu kwanza ndipo avae, mwisho wake havai kabisa.

Umbali nao ni kinga isiyogharimu kitu. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili kelele hushuka kama desibeli 6. Palipo 100 kwa mita moja, huwa 94 kwa mbili, 88 kwa nne, 82 kwa nane. Ndani ya banda la mabati haishuki hivyo, kwa sababu kuta hurudisha sauti. Kukatia nje, kubana chuma kwenye jiliwa badala ya kushikiwa na mtoto wa kazi, kubadilisha diski iliyokwisha, hayo hupunguza kelele kwa kila mtu kabla hujanunua kizibo kimoja.

"Masikio yangu yameshazoea"

Hii ndiyo kauli inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu husemwa kwa fahari.

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji mdogo uliojiviringa, wenye maji, na humo mna seli zenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Kwa sikio moja ni kama seli 15,000. Sauti hutikisa maji, maji hutikisa vinyweleo, na navyo hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Kelele ikizidi, vinyweleo huchoka na kulala. Ukipumzika kwenye utulivu, vingi huinuka tena kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana ukitoka kazini unasikia kama una pamba masikioni, au mlio wa "nziii", na asubuhi umepona. Ikizidi zaidi, seli hufa. Kuku akipoteza seli hizi huota tena. Binadamu hajajaaliwa hilo.

Kwa hiyo aliye na miaka kumi kwenye grainda na haimsumbui tena hajazoea. Seli zilizokuwa zikimletea usumbufu zimekufa.

Wala kupona asubuhi si cheti cha usalama. Mwaka 2009 watafiti Kujawa na Liberman walionyesha kwa panya kwamba baada ya kelele kali, usikivu uliweza kurudi kwenye vipimo vya kawaida, ilhali viungio kati ya seli na mshipa wa fahamu vilikuwa vimepotea moja kwa moja. Ule mlio wa jioni ni dalili kwamba siku hiyo umepitisha kipimo. Ukiupata baada ya kazi "fupi", basi kazi hiyo haikuwa fupi.

Hasara huanzia kwenye sauti nyembamba, kwenye mtetemo wa kama 4,000 kwa sekunde. Ndiko zinakokaa s, f, sh, ch na th. Irabu ni nene, hubaki. Na lugha yetu imejaa irabu, kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka akidhani anasikia: anajua unazungumza, anapata mdundo wa maneno, lakini hana hakika kama umesema sita au kitu kingine. Nyumbani wanasema mzee siku hizi hajali ukimsemesha. Sokoni anakubali bei ambayo hakuisikia sawasawa. Daktari huwa wa mwisho kupata habari.

Lingine linalosemwa: "Ingekuwa mbaya ingeuma." Maumivu huanza karibu na desibeli 120 na zaidi. Madhara huanza mbali sana chini ya hapo, na baina ya viwango hivyo viwili ndipo kazi nyingi za mjini zilipo. Na wapo vijana wanaovaa spika za masikioni na kupandisha muziki ili wasisikie grainda. Muziki huo unapanda juu ya kelele inayopenya, na sikio huhesabu zote mbili.

Kinga gani kwa kazi ya vipindi

Vipo vizibo vya sponji vinavyoingia tunduni, na vifunika masikio vinavyobana kichwani. Kwa anayeshinda keleleni, kizibo ni chepesi kwenye joto letu. Kwa anayewasha na kuzima, kifunika kinafaa zaidi. Unakivaa kwa mkono mmoja, unakivua, unakitundika kwenye waya wa grainda ili usiishike bila kukiona, na huhitaji kuingiza vidole vyenye grisi sikioni. Kizibo kilichosokotwa kwa mikono michafu huleta usaha, na fundi akishaugua mara moja hakitaki tena.

Kama unavaa mtandio, au miwani yenye mikono minene, jua kwamba kifunika hakitabana vizuri na sauti itapita ubavuni. Hapo kizibo ni bora. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwa juu na nyuma, kiingize, ukishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kijae. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia nene kichwani. Kikining'inia nje kama kimechomekwa tu, hakifanyi kazi. Pamba ya dukani pia haizuii cha maana.

Namba iliyoandikwa kwenye pakiti, ya desibeli ambazo kinga inadai kupunguza, isomwe kwa uangalifu. Kizibo kilichoandikwa 29 hakikupi 29 ukiwa kazini. Njia moja inayotumika Marekani ni kutoa 7 kisha kugawa kwa mbili, unapata 11. Hata hiyo ni msaada mkubwa. Lile geti letu, likifanywa kwa kinga inayopunguza desibeli 12 za kweli, dozi inashuka kutoka mabando mawili na zaidi hadi chini ya asilimia 15 ya bando moja.

Lakini ivaliwe wakati wote wa kelele. Mtu mwenye kinga ya kupunguza 30 akiivua kwa nusu saa tu katika saa nane za kelele, faida yake halisi hushuka hadi kama 12. Mara nyingi anaivua kwa ajili ya "kitu kidogo": kujibu simu, kumuelekeza mtu, kukata kipande kimoja cha mwisho.

Kuna upande wa pili pia, hasa bandarini. Kinga inayoziba kupita kiasi ni hatari palipo na forklifti, kreni na malori yanayorudi nyuma. Kinachotakiwa ni sauti inayofika sikioni iwe kati ya desibeli 70 na 80, si ukimya. Kwa eneo la 90, kinga ya wastani yatosha. Kuongeza kizibo chini ya kifunika ni kwa vyumba vya injini na mahali kama hapo.

Wasiohesabiwa

Thina ya rangi ina toluini, na resini ya kutengenezea boti za faibaglasi ina staireni. Zote mbili hudhuru sikio kupitia damu, na zikikutana na kelele madhara huzidi kuliko kila moja peke yake. Kwa hiyo mpiga rangi wa gereji, na fundi wa boti anayesugua faibaglasi kwa mashine kisha akapaka resini, asisubiri 85. Dawa kama gentamisini na amikasini nazo hugusa seli zile zile. Aliye kwenye matibabu hayo amuulize daktari kabla ya kurudi kwenye mashine.

Halafu kuna mama anayeuza chakula mita chache kutoka karakana. Fundi hukata kwa vipindi, lakini karakana ziko tatu, na yeye hapumziki zinapopokezana. Kelele ya kila fundi ni fupi. Yake ni kutwa. Hana mwajiri wa kumpa kinga kwa sababu hajaajiriwa na yeyote kati yao. Mafundi hao wangeweza kugeuza meza ya kukatia iangalie ukuta wa upande wa pili na kusogea mita nne zaidi, na hilo lingemsaidia kuliko kizibo chochote. Wakimuuliza, nadhani atakuwa na maoni.

Aliyeajiriwa ana haki ya kupewa kinga na mwajiri, na malalamiko hupelekwa kwa idara ya serikali ya usalama na afya kazini, DOSHS. Aliyejiajiri hana wa kumkumbusha. Apime usikivu wake mara moja kwa mwaka kwenye hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo, asubuhi kabla hajaingia kazini, ili uchovu wa jana usichanganywe na hasara ya kudumu.

Na ikitokea mshindo, sikio moja likazima ghafla au mlio ukakataa kuondoka, asisubiri liachie lenyewe. Afike hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu matibabu yaliyopo hufaa yakianza mapema. Wakati huo asitie kitu sikioni, si mafuta ya nazi ya uvuguvugu, si matone aliyobakiza jirani. Huenda ngoma imepasuka, na chochote kitakachomiminwa kitapita moja kwa moja hadi ndani.